"Na Ngoma za Kitamaduni" Ni Jina la Nani?

Angalia bango lolote la sherehe hapa Bungoma ama Kitale. Dijei ana picha, miwani ya jua na jina kubwa la rangi ya njano. Emsii ana jina. Hata mwenye mahema ana namba ya simu. Halafu chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa na darubini: "na ngoma za kitamaduni". Wasee, huyo ni nani? Mamake hakumpa jina?

Mimi naiita dharau, na sisi vijana ndio tunaibeba kuliko wazee.

Tunaruka na ngoma za Lagos mpaka asubuhi, ni kama zilishuka kutoka mbinguni. Hazikushuka. Ghana, miaka ya 1950, E.T. Mensah na bendi yake ya Tempos walichanganya tarumbeta za dansi na midundo ya kwao, wakavuma na hailaifu. Fela Kuti alianzia kwenye hailaifu kabla ya kuichanganya na fanki ya James Brown ikawa afrobiti, na nyuma yake kwenye ngoma alikaa Tony Allen. Tony Allen! Mpiga ngoma, na dunia nzima inamjua kwa jina.

Na usiniambie sisi hatukuwa na kitu. George Mukabi alipiga gitaa la omutibo huku mdundo ukitoka kwenye chupa ya Fanta. "Helule Helule" ya Daudi Kabaka ilirudiwa na Tremeloes mwaka wa 1968 ikaingia chati za Uingereza. Slim Ali na Hodi Boys walipiga fanki safi. Mwaka wa 2013 kampuni ya London, Soundway, ilikusanya santuri za Kenya za miaka ya 70 na 80 ikaziuza upya. Watu wa mbali ndio walizipangusa vumbi. Kwetu nyumbani pengine zilikuwa zinafunika mtungi.

Sasa njoo kwa isukuti. Ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe na njuga. Ni ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega (Wabukusu wenzangu msinirushie mawe, najua yetu ni litungu na chinyimba), lakini harusi za huku haziishi kuwaita. Mwaka wa 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu wengi wanaoijua ni wazee na hawana warithi. Watu wakashtuka. Mnashtuka nini? Kijana gani atarithi kazi ya kulipwa soda?

Nimekaa kwenye kamati ya harusi hapa Kitale. Dijei alitaka nusu ya pesa kabla hajabeba spika, akatumiwa siku hiyo hiyo. Wapiga isukuti je? "Hao tutawapikia, halafu wageni watawatuza." Yaani wageni wakiwa na mkono wa birika, watu wazima warudi kwao na shibe pekee. Nilipouliza, mwenyekiti akanijibu, "Kijana, huo ni utamaduni, si biashara." Sawa mzee. Lakini makanga wa matatu ya Kakamega hapokei utamaduni kama nauli.

Kuna wale wataniambia pesa inaharibu mila. Mbona haijaharibu injili? Waimbaji wa injili wanaitisha malipo kabla ya kupanda jukwaani na bado tunasema amina.

Agosti ya mwaka shufwa ikifika, msimu wa tohara, kamati zitakuwa kila kijiji. Kama uko kwenye moja, uliza jina la kikundi na la kiongozi wao. Liandike kwenye bango, herufi sawa na za dijei. Tuma nusu ya malipo siku ile ile unayomtumia dijei.

Na ukiniletea tena bango la "ngoma za kitamaduni" nikuposti, siposti.