Beji si Pambo

Mtoni, mwendo mfupi kaskazini ya Mji Mkongwe wa Unguja, ni mojawapo ya mahali ambapo wanamapinduzi walivamia kambi za polisi usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964. Walifuata bunduki, hawakufuata beji. Kwa hiyo wapo wenzetu wanaodai kwamba beji ya askari ni kipande cha shaba tu, na kwamba kuwafundisha vijana maana yake ni kupoteza wakati. Sisi twasema dai hilo ni kasumba.

Tulitazame jeshi la mkoloni, King's African Rifles. Jina lenyewe lilimtaja mwenye mali: Mfalme wa Uingereza. Alama yake ilikuwa baragumu, iliyorithiwa kutoka vikosi vya Kiingereza vilivyoamrishwa vitani kwa baragumu badala ya ngoma. Mwafrika alilivaa kichwani, lakini pumzi iliyolipuliza haikuwa yake. Wala si kwamba tulikosa pembe zetu. Pate na Lamu zilikuwa na siwa. Mwinyi Mkuu wa Dunga alikuwa na siwa na ngoma zake. Siwa ilipolia, mji ulijua nani anaita na nani anaitwa.

Tanganyika ilipojitawala tarehe 9 Desemba 1961, vikosi vile viliitwa Tanganyika Rifles. Jina likageuka, maafisa wakuu wakabaki Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito wakaasi, wakidai mishahara bora na maafisa Waafrika. Maasi hatuyasifu, fundisho lake hatulikani. Alama mpya juu ya mambo ya zamani ni uongo, na aivaaye huutambua kabla ya aitoaye. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi.

Leo nembo ya Taifa ina mwenge, mkuki, shoka na jembe. Ina mwanamume na mwanamke, karafuu na pamba. Ni vitu vyetu. Hata hivyo tusijidanganye: jembe la kwenye ngao halilimi, na mkuki wake haulindi mpaka. Alama ni ahadi, na ahadi ni deni.

Basi walimu, msiwakaririshe wanafunzi majina ya picha hizo tu. Waulizeni mbele ya kila beji: hii yamwita nani, na kwa amri ya nani? Kijana ajuaye kuuliza hivyo hatavishwa tena baragumu la mtu mwingine.