Aivunjaye Kanuni na Aijue Kwanza

Yapo maneno mawili yanayowapotosha wasanii. La kwanza husemwa na wazee: "Hivi ndivyo tulivyoikuta." La pili husemwa na vijana: "Mimi natafuta kipya." Kila moja lina ukweli wake, na kila moja hugeuka haraka kuwa kichaka cha kujifichia uvivu. Atakaye kumwona mtu aliyeyakwepa yote mawili na amtazame Toko Shinoda, mwanamke wa Kijapani aliyeanza kushika burashi akiwa na miaka 6, akafariki dunia mwaka 2021 akiwa na miaka 107.

Alizaliwa mwaka 1913 huko Dalian, mji wa China uliokuwa mikononi mwa Wajapani wakati ule, akakulia Japani. Khati alifundishwa na baba yake. Na khati ya Kijapani ina adabu zake, kuanzia kwenye wino wenyewe. Wino huo ni kipande kikavu: masizi ya mafuta ya mimea au ya msonobari, yaliyokandwa kwa gundi ya ngozi za wanyama na kukaushwa taratibu. Mjini Nara mafundi huufanya wakati wa baridi, kwa kuwa joto huiozesha gundi. Mwandishi hukisugua kipande hicho juu ya jiwe lenye maji, bila pupa, mpaka weusi aupendao upatikane. (Nadhani hata hasira hutulia kwa kusugua huko.) Kisha huja mstari. Burashi ikishagusa karatasi, wino umekwisha kunywewa: hakuna kufuta wala kupaka juu yake. Mkono ukisita, kusita huko hubaki pale maisha yote.

Mtoto aliyepitia malezi hayo alipokua alianza kuona yanambana. Katika maandishi yale, alama ya mto ni mistari mitatu iliyosimama. Shinoda akajiuliza: kwa nini mitatu tu? Yeye alitaka mto wake uwe wa mistari mingi, hata mia. Mwaka 1940 alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, Ginza, Tokyo, na wakosoaji wakasema kazi yake haina mizizi. Walimwambia hivyo mtu aliyekuwa ameshinda kwenye mizizi hiyo hiyo kwa zaidi ya miaka 20!

Nawauliza walinzi wa urithi: mizizi ipi? Uchoraji wa wino uliingia Japani kutoka China, na watawa wa Zen ndio walioukuza. Mmoja wao, mchoraji Sesshu, ambaye leo hakuna anayethubutu kumgusa, alivuka bahari katika karne ya 15 kwenda kujifunza huko. Mwaka 1495 alimchorea mwanafunzi wake mandhari kwa wino wa kutupatupa, kiasi kwamba milima, miti na mashua havionekani mpaka jicho livizoee. Mchoro huo sasa ni hazina ya taifa la Japani. Lau kijana asiye na jina angeupeleka Ginza mwaka ule wa 1940, sina hakika kama wakosoaji wale wangemwachia.

Mwaka 1956 Shinoda alikwenda New York, wakati ambapo wachoraji wa huko walikuwa wakivurumisha rangi kwenye turubai kubwa kwa nguvu za mwili mzima. Mwingine angetupa wino akanunua rangi za mafuta. Yeye alichukua uhuru wao na kuwaachia vyombo vyao. Hata hewa ilimkatalia: ukavu wa New York uliukausha wino kabla haujatambaa kwenye karatasi, maana wino ule hutaka unyevunyevu wa kwao. Mwaka 1958 akarudi Japani. Herufi zikazidi kutoweka katika kazi zake, ikabaki mipigo ya burashi: ukanda mpana mweusi, ubavuni mwake mstari mwembamba, na nafasi kubwa iliyoachwa tupu, pengine juu ya fedha au dhahabu. Alichapa pia litografia, na nyingine akaziongezea mpigo wa mkono wake. Leo kazi zake zimo hata katika British Museum, London.

Hapo kijana atadakia: "Kama herufi aliziacha, alizisomea nini?" La hasha, usiharakishe. Utazame mstari wake unavyoingia kwa uzito, unavyokonda katikati bila kukatika, na unavyokoma pale pale alipotaka ukome. Mkono usiofunzwa ukijaribu mpigo huo hutoa doa. Simtaji mtu, lakini madoa ya namna hiyo nimeyaona yametundikwa ukutani kwa bei kubwa, mwenyewe amesimama kando akieleza kwa nusu saa kile ambacho mchoro umeshindwa kukisema.

Kwa hiyo, ewe mwalimu, mfundishe mtoto kanuni zote bila kumpunguzia hata moja. Na siku atakapokuletea mto wa mistari mia, usimrudishe kwenye mitatu kabla hujautazama vizuri. Nawe kijana, mistari hiyo mia uilete, ila kwanza tuonyeshe ile mitatu.