Pete ya Babu Kwenye Kidole cha Kadeti

Mwanangu alipopata nafasi West Point, chuo cha kijeshi cha Marekani, jirani yangu hapa Apple Valley, Marekani, aliniuliza kama sisi Wakenya tunapenda vita. Nilicheka tu. Kilichonivutia mimi ni wazee. Chuo hicho, kilichoanzishwa mwaka 1802, huunganisha kila darasa jipya na lile lililohitimu miaka 50 kabla ya mwaka wake wa kuhitimu. Wazee huja siku ya kiapo, na wengine, magoti yakilalamika, hutembea na vijana takribani maili 12 kutoka kambi ya mafunzo hadi chuoni. Vijana wakihitimu, wazee haohao huwakabidhi alama za cheo cha luteni wa pili. Na pete! Pete za wahitimu wa zamani, nyingi za marehemu, huyeyushwa, dhahabu yake ikachanganywa katika pete za makadeti wa mwaka wa nne.

Mtu atasema hizo ni mbwembwe za Wamarekani. Haya. Lakini kijana anayelia usiku wa kwanza hasaidiwi na hotuba ya jenerali. Anasaidiwa na mzee anayemwambia, “Hata mimi nilitaka kutoroka, mjukuu wangu.” Vyuo vya kijeshi vya Lanet, Kenya, na Monduli, Tanzania, vina wastaafu tele, wako vibarazani wanasoma gazeti hili. Waitwe wakae na makadeti wetu. Nauli na chai ya maziwa zinatosha.