Kitabu Chako, Ukiuze Wewe Mwenyewe



Wengi wetu wanaandika romani, halafu wanangoja mtu wa Kinshasa ao wa Ulaya aichapishe. Mi naona kungoja vile ni kupoteza wakati. Zamenga Batukezanga, aliyefariki mwaka 2000, aliandikia watu wa kawaida, na vitabu vyake vingine alivitoa kwa nyumba yake mwenyewe, Zabat. Sisi pia tuanze, lakini kidogo.

Tuhesabu kwanza. Karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4. Kitabu cha kurasa 64 kinakula karatasi 16. Vitabu 50 vinakula 800, ni kusema karibu rame 2. Usichape 500 juu ya kiburi: panya watavila chini ya kitanda. Na usiguse franga za minerval! Mama aliuza mihogo juu ya masomo yako, hapana juu ya jina lako.

Mbele ya kuchapa, watu 3 wasome: mwalimu wa lugha, rafiki, na mtu asiyekupenda sana. Huyu wa tatu njo atakuambia kweli.

Kisha uza mkono kwa mkono: sokoni, kwa mashule mengine, nyuma ya ibada kama mchungaji ameruhusu. Soma ukurasa mmoja kwa sauti, uachie pale watu wanataka kujua mbele. Usigawe bure. Vikiisha, chapa 50 ingine.

Mwenye kuona haya kuuza kitabu chake, asishangae kama hakuna anayekisoma.