Mcheza kwao hutunzwa: Masisi na Walikale, tuzipende timu za kwetu

Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, wachezaji wa Leopards walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, wakati wimbo wa taifa ulipopigwa. Ilikuwa nusu fainali ya Kombe la Afrika. Walishindwa 1-0 na Côte d'Ivoire, lakini ujumbe ulifika. Siku zile vita vilikuwa vimekaribia Sake, hapa hapa Masisi. Hakuna mkaaji wa kwetu aliyehitaji kuelezwa maana ya ishara ile.

Hiyo ndiyo nguvu ya timu ya nyumbani: inasema jina lako mahali ambapo wewe huwezi kufika.

Lakini Leopards wanacheza mara chache kwa mwaka. Siku zingine moyo wetu uko wapi? Uko Barcelona na Real Madrid. Kijana wa Masisi anakutajia kikosi kizima cha Real. Muulize nani analinda goli la DC Virunga ao la Dauphins Noirs, timu za Goma, mji wetu wa karibu. Ananyamaza.

Wengine wanasema: zikianza kushinda, tutazipenda. Hayo ni mawazo ya kinyume. TP Mazembe ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, kisha ikangoja taji hilo mpaka 2009. Miaka 41! Washabiki wa Lubumbashi hawakuhama. Mwaka 2010 timu yao ikawa ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu.

Ni kweli, mapendo peke yake hayanunui viatu. Mazembe ilipata pia Moïse Katumbi, aliyetajirika kwa kazi za migodi ya Katanga. Sisi je? Koltani ya Rubaya na kasiteriti ya Bisie zinajulikana dunia nzima, lakini Masisi na Walikale hazina hata timu moja katika daraja la kwanza la Linafoot. Utajiri unashuka barabarani, sisi tunabaki na vumbi.

Vita vimeongeza shida. Goma ilipotekwa na M23 Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Timu itapokeaje wageni kutoka Kinshasa? Na kijana asiye na mpira wala kazi, mwenye bunduki anajua kumtafuta.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Wenye silaha, wawe nani, waache viwanja vya michezo kwa watoto. Wafanyabiashara na makampuni ya madini watoe mipira, jezi na usafiri kwa timu za vijiji, maana mchezaji wa Linafoot anaanzia kijijini. Na sisi washabiki, tulipe kiingilio hata timu ikiwa ya mwisho.

Zaidi ya yote, tusikubali timu iitwe ya kabila. Muhunde, Muhutu, Mututsi, Munyanga na Mukumu wanaweza kupeana pasi katika kikosi kimoja. Wakifunga goli, anayeruka kushangilia asiulize kwanza ni mtoto wa nani.

Mcheza kwao hutunzwa, walisema wazee. Sasa ni zamu yetu kutunza.