Wito wa Kitawa: Nani Aweza Kuupokea?



Baada ya Misa ya Kiswahili mwezi uliopita, baba mmoja alitujia na swali zito. Kijana wake, aliyemaliza chuo huku Marekani, asema ataka kuwa mtawa. Mtawa wa aina gani? Na je, atapokelewa?

Watawa hawafanani. Wabenediktini, wafuatao Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, huahidi kudumu katika monasteri moja. Ndio tuwajuao Peramiho na Ndanda. Wafransisko, walioanza mwaka 1209, hukaza ufukara. Wadominiko, waliothibitishwa mwaka 1216, hukaza mahubiri. Wajesuiti, walioidhinishwa mwaka 1540, huenda popote watumwapo. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walianzishwa Algiers mwaka 1868. Huishi kijumuiya na kula kiapo, lakini kisheria si watawa wa nadhiri. Padri wa jimbo naye si mtawa. Yeye yu chini ya askofu wake.

Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zataka anayeingia awe Mkatoliki mwenye afya, tabia ifaayo na ukomavu. Haingii unovisi asiyetimiza miaka 17, wala mwenye ndoa ingali ikidumu, wala aliyelazimishwa. Unovisi hauwi chini ya miezi 12. Hufuata nadhiri za muda, zisizopungua miaka 3. Nadhiri za daima haziwekwi kabla ya miaka 21.

Liko sharti jingine ligusalo sana nyumba zetu ugenini: mwenye madeni asiyoweza kuyalipa hapokelewi. Kijana huyu anadaiwa mkopo wa chuo. Baba akakiri pia kwamba alimtegemea awasomeshe wadogo zake walioko nyumbani.

Tulimjibu hivi. Mkopo ni deni, na dawa ya deni ni kulipa; kijana na afanye kazi kwanza, huku akiyatembelea mashirika na kuyachungua. Lakini tumaini la mzazi, hata likiwa la haki, si mkopo. Na lizungumzwe mezani waziwazi, lisigeuzwe kamba ya kumfunga mtoto. Kama vile asivyoingizwa utawani kwa nguvu, vivyo hivyo asizuiliwe kwa machozi.

Baba alinyamaza kitambo, kisha akaomba anwani ya monasteri iliyo karibu.

Tuonane toleo lijalo, Mungu akipenda.