Baki Lina Mwenyewe: Maoni Juu ya Kufundisha Kupandisha Namba kwa Lahajedwali

Katika shule moja ya pwani ya Tanga nilimkuta mwanachuo, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha, akiandaa kwa kompyuta hesabu ya ziara ya Mapango ya Amboni. Wanafunzi walikuwa 170, na kila basi lilichukua 50. Lahajedwali ilimpa jawabu la 3.4. Akaingiza kanuni ya ROUND, akapata mabasi 3, akaridhika. Nilimwuliza swali moja tu: "Mwalimu, hawa 20 waliobaki watakwenda na nani?" Akanyamaza.

Mwanachuo yule hakukosea kugawanya. Alifuata desturi aliyofundishwa tangu utotoni, kwamba tano na zaidi hupanda, na chini ya tano huachwa. Wala hakujiuliza namba ile ilihesabu nini. Kosa hilo ni letu sisi wakufunzi. Tumefundisha kukadiria kana kwamba ni jambo la tarakimu peke yake.

Maoni yangu ni kwamba somo hili lianzie kwenye baki, si kwenye kanuni. Mwanafunzi aulizwe kwanza: kilichobaki ni nini, na kikiachwa ni nani atakayeumia? Akishajibu, ndipo achague kanuni.

Tuchukue mfano wa vyoo. Mwongozo wa nchi yetu hutaka tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 168 hupata 8.4. ROUND itatoa 8, na wasichana 8 watakosa nafasi yao. Kanuni ifaayo ni =ROUNDUP(168/20,0), ambayo hutoa 9; sifuri ile ya mwisho humaanisha kwamba hatutaki tarakimu yoyote baada ya nukta.

Lakini tusimfanye mwanafunzi aamini kwamba kupandisha ni salama siku zote. Mashua ya Pangani iliyoruhusiwa kubeba kilo 1,000 ikipakia magunia ya kilo 80, jawabu ni 12.5. ROUND na ROUNDUP zote zitatoa 13, yaani kilo 1,040, na nahodha atakuwa ameuzidisha mzigo wake. Hapa yatupasa kutumia ROUNDDOWN, na gunia moja lingoje safari nyingine.

Jambo la pili ni mahali pa kupandishia. Tuseme wale wasichana 168 wamo katika madarasa 7, kila darasa 24. Tukipandisha darasa kwa darasa, kila moja litadai matundu 2, na jumla itakuwa 14 badala ya 9. Vyoo hutumiwa na shule nzima, basi tujumlishe kwanza, tupandishe mwishoni. Madawati ni kinyume chake. Madarasa 7 ya wanafunzi 50, watatu kwa dawati, huhitaji madawati 17 kila moja, jumla 119. Anayegawanya 350 kwa 3 hupata 117, na madarasa mawili yatapungukiwa, kwa kuwa dawati halikatwi vipande vigawiwe vyumba viwili.

Wapo watakaosema kwamba shule nyingi hazina kompyuta, hivyo mjadala huu ni wa anasa. Sikubaliani nao. Swali la baki huulizwa vilevile kwa chaki na ubao, na mwanafunzi aliyelizoea ubaoni hatapotoshwa na mashine atakapoikuta. Bali yule asiyelijua, kompyuta humwongezea tu kasi ya kukosea, tena kwa jedwali safi ambalo hakuna mtu wa kulitilia shaka.

Kwa hiyo, ndugu walimu, katika kusahihisha kazi za wanachuo wetu tusitoe alama kwa kanuni peke yake. Tudai sentensi moja chini ya kila jawabu, ikieleza kwa nini namba imepandishwa au imeshushwa. Sentensi hiyo ndiyo itakayoonyesha kama mwanachuo amewakumbuka wale 20 waliokuwa wakingoja basi.